FT8: mistari inaonekana, ujumbe hausomeki

Wakuu, najaribu FT8, njia ya redio ya ridhaa ya kupashana ujumbe mfupi kwa kompyuta. Programu yake, WSJT-X, kwenye 7.074 MHz inaonyesha mistari tele ya mawimbi, lakini haisomi hata ujumbe mmoja. Tatizo nini?

— Anza na saa ya kompyuta. FT8 huenda kwa vipindi vya sekunde 15. Saa ikipishana kwa zaidi ya sekunde 2 hivi, hupati kitu. Isawazishe kwa intaneti, kisha tazama safu ya DT (tofauti ya muda, kwa sekunde): iwe karibu na 0.

— Na redio iwe kwenye USB (ukanda wa juu wa mawimbi, si kebo), si LSB (ukanda wa chini), hata kwenye bendi hiyo ya mita 40. Sauti inayoingia: kelele tupu isome dB 30 hivi kwenye kipimo cha WSJT-X.

— Ukiwa na leseni na ukaanza kurusha, punguza sauti ya kompyuta mpaka kipimo cha ALC (kidhibiti cha kiwango cha mawimbi ndani ya redio) kisisogee. Sauti ikizidi, mawimbi yako yanatapakaa na kuwaharibia wengine. Kebo ya kompyuta na redio ikikatika mawasiliano wakati wa kurusha, ivishe feraiti (kipande cha kuzuia mawimbi ya redio yasipite kwenye kebo).