Siti ya kutengenezewa kwa safari ndefu ya pikipiki: fundi aelekezwe nini?

Msafiri wa Chumbageni

Assalamu alaykum ndugu zangu. Ninaishi Chumbageni, Tanga, na kazi yangu hunitaka niende Bagamoyo mara kwa mara kwa pikipiki, nikipita Muheza na Segera, kisha nikishuka kwa barabara ya Chalinze hadi Msata, ambako ninakata kushoto kumalizia zile kilomita 64 za kuelekea pwani. Injini ni nzima, matairi ni mapya, na shokapu zimekaguliwa hivi karibuni. Kinachonitesa ni siti. Hadi Segera huwa sina neno, lakini nikipita Kabuku makalio huanza kuwaka moto, na nikifika Mkata huwa nimekwisha kujisogeza mbele na nyuma kiasi kwamba akili yangu iko kwenye maumivu kuliko barabarani, jambo ambalo kwa njia yenye malori na mabasi mengi kama ile ni la hatari.

Nimeamua kutengenezewa siti nyingine. Nimeuliza mafundi wawili na kila mmoja ana lake: mmoja anataka aongeze sponji nene ya godoro juu ya iliyopo, mwingine anasema niweke jeli ndani, ile pedi nzito inayobonyea kama ute ulioganda. Jamaa yangu naye ananishauri niagize siti kutoka nje. Ninaomba ushauri wa wenye ujuzi: je, siti ya safari ndefu iwe laini au ngumu? Ifunikwe kwa nini, kwa jua letu na mvua zetu? Na kwa kuwa mimi si mrefu, na nyayo zangu hufika chini kwa taabu, siti inaweza kuboreshwa bila kuinuliwa?

Fundi wa Barabara ya 12

Wa alaykum salaam, kaka. Shughuli yangu ni kushona viti vya magari na siti za pikipiki hapa Ngamiani, kwa hiyo niruhusu nieleze kwa kirefu kidogo.

Ulaini unaousikia dukani unapobonyeza sponji kwa kidole hauna uhusiano na raha utakayoipata baada ya saa mbili barabarani. Sponji laini hubonyea mara tu unapoikalia, na kadiri muda unavyokwenda inazidi kulala hadi unakuwa umeikalia ile plastiki ngumu ya chini, na kila shimo la barabara linakufikia moja kwa moja. Kwa sababu hiyo pendekezo la kuongeza sponji ya godoro silikubali hata kidogo. Utafurahi nayo siku ya kwanza, na baada ya muda mfupi utarudi kwa fundi ukiwa na siti ndefu zaidi kwenda juu na maumivu yaleyale. Mteja wa siti anapaswa kuuliza uzito wa sponji, yaani jinsi ilivyoshindiliwa, kabla ya kuuliza unene wake. Mara nyingi chini ninaweka ile sponji ya madoadoa, iliyotengenezwa kwa vipande vilivyosagwa na kugandishwa upya, kwa kuwa ni nzito na haichoki haraka. Juu yake naweka tabaka jembamba la sponji laini kiasi, la sentimita moja hadi mbili tu, ili ngozi ya mwili isigusane na ugumu wa chini. Ile sponji inayokumbuka umbo la mwili siipendekezi kwa huku kwetu, kwa sababu hulainika kwa joto, na pikipiki iliyoachwa juani saa saba mchana inakuwa na siti tofauti kabisa na ile uliyoikalia alfajiri.

Sasa nije kwenye umbo, ambalo kwa maoni yangu ndilo nusu ya kazi na ndilo linalopuuzwa zaidi. Simama kando ya pikipiki yako uitazame siti kwa ubavu. Siti nyingi za kiwandani huinama kuelekea kwenye tangi, hivyo mwendeshaji huteleza mbele kidogo kidogo, hujibana kwenye tangi, hujisukuma nyuma, kisha huteleza tena. Kule kujisogeza unakokueleza huenda kunatokana na mteremko huo, na hakuna sponji itakayokuponya mpaka mteremko uondolewe. Ninachofanya ni kuchonga sehemu ya kukalia iwe bapa au iinuke kidogo sana mbele, na nyuma yake niache ukingo mdogo unaoshika chini ya kiuno bila kukusukuma. Pia ninaitanua siti pale makalio yanapotua, kwa sababu uzito uleule ukigawanywa kwenye eneo kubwa hauumizi sana.

Kuhusu urefu wako, usiogope. Kinachomzuia mtu mfupi kufikisha miguu chini mara nyingi ni upana wa siti pale mapaja yanapopita. Nikizipunguza kingo za mbele kwa msumeno na kuzilainisha kwa msasa, mapaja hushuka wima zaidi na unapata nafasi bila kugusa kimo cha siti. Tena inawezekana kuchimba sponji ya zamani na kuweka mpya ndani ya shimo hilo, badala ya kuirundika juu. Lakini usikubali siti ishushwe mno, kwa sababu magoti yatakunjika sana na utabadilisha maumivu ya makalio kwa maumivu ya magoti na nyonga.

Jambo la mwisho ni namna ya kufanya kazi na fundi. Usiache siti dukani ukaondoka. Nenda na pikipiki, vaa suruali na viatu unavyosafiria, na umwombe fundi aifunge siti iliyochongwa kabla haijashonwa, ikiwa imefunikwa kwa nailoni na kava la zamani tu. Ikalie, endesha hadi Pongwe urudi, mweleze panapobana, achonge tena. Fundi anayekataa jambo hilo hajawahi kusafiri mbali.

Muuguzi wa Makorora

Nawasalimu nyote. Kaka Msafiri, pole na safari. Fundi ameeleza vizuri upande wa sponji. Mimi ningependa kuongeza upande wa mwili, kwa kuwa siti huchaguliwa kulingana na mahali panapouma.

Unapokaa, uzito hubebwa na mifupa miwili iliyo chini ya nyonga, ile unayoihisi ukikalia benchi la mbao. Nyama iliyo kati ya mifupa hiyo na siti hubanwa, damu hupita kwa shida, na baada ya muda huanza kuchoma. Hayo ndiyo maumivu ya kawaida, na siti pana na imara huyapunguza. Ikiwa panapouma ni kifandugu, basi siti yako imezama nyuma kama machela na mgongo umejikunja. Ikiwa ni ganzi sehemu za mbele, kati ya mapaja, siti inakutelemsha kwenye tangi na inabana mishipa isiyopaswa kubeba uzito. Ganzi ya namna hiyo isipoondoka baada ya kupumzika, tafadhali nenda ukaonane na daktari. Na ikiwa ngozi ndiyo inayochubuka, huenda tatizo ni jasho na mshono wa nguo ya ndani wala si siti.

Ipo njia rahisi ya kumsaidia fundi. Chukua kipande cha boksi la katoni lenye mawimbi ndani, kiweke juu ya kiti kigumu, ukikalie kwa dakika kadhaa ukiwa umeinama kama unavyoinama barabarani, kisha uinuke. Utaona mashimo mawili. Pima kutoka katikati ya moja hadi katikati ya jingine. Kwa watu wazima wengi ni kati ya sentimita 10 na 15, na wanawake kwa kawaida wana nafasi kubwa zaidi kuliko wanaume. Sehemu bapa ya siti inapaswa kuipita nafasi hiyo pande zote mbili, ili mifupa isitue kwenye ukingo unaoteremka.

Hata ukipata siti bora, mwili haukuumbwa kukaa bila kubadilika. Simama juu ya vikanyagio kwa muda mfupi barabara inapokuwa nyoofu na tupu, na ushuke kabisa kila baada ya saa moja au zaidi kidogo. Segera, Mkata na Msata ni vituo vyema kwa njia yako.

Mzee wa Raskazone

Vijana wangu, nimefurahi kusoma. Kuhusu siti za kuagiza, yafaa kijana ajue anachokilipia. Marekani kuna mafundi wenye majina makubwa katika kazi hii: Corbin walioko Hollister, California, Sargent walioko Jacksonville, Florida, na Russell wanaotengeneza siti iitwayo Day-Long, yenye mabawa mapana pande zote mbili yanayoshikilia mapaja. Hao Russell humwomba mteja picha akiwa amekaa juu ya pikipiki yake, ndipo waichonge siti kwa umbo lake. Wapo pia wasafiri wa Iron Butt Association, chama cha waendesha pikipiki wa masafa marefu, ambao cheti chao cha kwanza hutaka mtu aende maili 1,000, yaani kilomita 1,609 hivi, ndani ya saa 24, na wengi wao hutumia siti za kutengenezewa. Lakini siti hizo hutengenezwa zaidi kwa pikipiki kubwa za kule. Kwa pikipiki ya kawaida ya huku kwetu ni vigumu kupata inayokaa, na ukishalipa usafiri na ushuru, fedha hiyo ingelipa kazi nzuri ya fundi wa Ngamiani na ikabaki. Kilicho bora kwao ni utaratibu wao wa kumpima mtu, nao Fundi amekwisha kutueleza kwamba unawezekana hapa hapa.

Katika jambo la jeli, nitakuwa na maoni yangu. Jeli iliyo juu kabisa chini ya kava hushika joto la jua na kukuunguza. Lakini ikizikwa chini ya tabaka la sponji, na pikipiki ikaegeshwa kivulini au kufunikwa, inasaidia kupunguza mtetemo. Hata hivyo haiwezi kurekebisha siti yenye umbo baya, kwa hiyo umbo litangulie. Mimi binafsi hutandika ngozi ya kondoo yenye manyoya, kwa sababu hupitisha hewa na huondolewa mvua inapotanda. Mto wa hewa nao unafaa, lakini wengi huujaza mpaka wakaelea juu yake na kuyumba kwenye kona. Hewa iwe kidogo tu, kiasi cha kukunyanyua usiguse siti iliyo chini.

Msafiri wa Chumbageni

Shikamoo Mzee, na ahsanteni sana Fundi na Dada Muuguzi. Nimefanya jaribio la boksi jioni hii na mashimo yako umbali wa sentimita 12. Nilipoyalinganisha na siti yangu nimeona kwamba mifupa inatua karibu kabisa na ukingo. Nimebakiwa na maswali mawili. Kava liwe la nini? Na je, niikate siti ya asili, au nitafute nyingine?

Fundi wa Barabara ya 12

Siti ya asili usiikate, kaka. Tafuta siti iliyotumika ya aina hiyohiyo kwa wauza vipuri, hata kama kava limechanika, kwa sababu tunachokihitaji ni ile plastiki ya chini isiyo na ufa na ndoano zake zikiwa kamili. Ya asili utairudisha siku ukiuza pikipiki.

Kava liwe la ngozi ya bandia inayovutika, yenye uso wa kukwaruza kidogo ili usiteleze, na rangi iwe ya kijivu au kahawia badala ya nyeusi, maana nyeusi hunyonya joto sana. Mishono ipite pembeni; mshono wa katikati unaumiza na ndipo maji yanapoingilia, na sponji ikishanyonya mvua ya masika hukaa na unyevu siku nyingi. Uzi uwe wa nailoni, na chini ya kava iwekwe karatasi ya plastiki. Usisahau pini zinazoshikilia kava kwenye plastiki ya chini: hewa yetu ya chumvi huzila zile za kawaida upesi, kava likaachia kwenye kingo, kwa hiyo sisitiza zisizoshika kutu hata kama itabidi uzinunue mwenyewe. Ukishaipata hiyo siti ya pili, njoo nayo asubuhi pamoja na kile kipande cha boksi, tuanze kuchonga kabla jua halijawa kali.