Photoshop, Affinity au GIMP kwa kazi za maumbo na filta?

FundiRangi: Wakuu, naomba ushauri wa haraka. Nahamia kwenye kompyuta kutoka kuhariri kwenye simu na wiki hii lazima nichague programu moja. Nachora maumbo (maduara, pembetatu, mistari), halafu nayapiga filta mpaka yageuke kitu kingine kabisa. Ipi bora kati ya hizo tatu?

Mchoraji77: Kompyuta ina RAM kiasi gani? Kazi inaishia kwenye skrini au inachapwa? Umezihesabu gharama? Bila hayo tutakuwa tunapiga ramli.

NuktaNundu: Kwa maumbo mimi ni Photoshop tu. Umbo linabaki vekta (limehifadhiwa kwa hesabu, si kwa vitone), unalikuza na kulibadilisha rangi saa yoyote. Kwenye GIMP nimezoea kuteua eneo la duara na kumwaga rangi. Ukilikuza baadaye kingo zinaharibika.

MamaPikseli: Na kila mwezi unalipia. Affinity ni bure tangu Oktoba 2025, na maumbo yake ni vekta pia. Halafu GIMP usiidharau: tangu toleo la 3.0, filta inakaa juu ya leya (tabaka la picha), unaizima au kuirekebisha bila kugusa picha yenyewe.

NuktaNundu: Hilo Photoshop inalo tangu 2007, dada.

Mchoraji77: Mnabishania majina ya programu, mimi naangalia faili linabakije. Mteja mmoja aliniletea bango lililotengenezwa na mtu mwingine: maduara matatu yaliyoyeyuka yakashikana. Alitaka la katikati lisogee kushoto kidogo, kisha bango likuzwe kwa ajili ya kuchapwa. Kufungua faili, leya moja! Kila kitu kimeunganishwa. Ikabidi nianze upya: maduara, juu yake filta ya ukungu, juu yake tena ile inayolazimisha kila pikseli iwe nyeusi au nyeupe. Ukungu wa maduara mawili ukikutana, panaota shingo kati yao. Likatoka vizuri. Kukuza mara nane, shingo zote zikakatika, maana ukungu wa pikseli 20 kwenye picha ya upana wa 1000 ni mwingi, kwenye ya 8000 hauonekani. Nikapandisha hadi 160, kila badiliko nasubiri. Mteja akatazama, akasema si kama la mwanzo, akaondoka bila kulipa.

FundiRangi: Kazi zangu nyingine zinachapwa, nyingine hapana.

Mchoraji77: Na RAM?

KingoLaini: Mbona hakuna anayeitaja Krita? Ni bure, ina leya za vekta, na filta unaiweka kama leya inayobadilisha kila kilicho chini yake. Ila mimi napaka kwa mkono. Filta ni uvivu, samahani.

MamaPikseli: Uvivu? Chora mistari ya wima, nyeusi na nyeupe, ipitishe kwenye filta inayokunja picha kuzunguka kitovu. Unapata miale ya jua. Ilaze mistari ileile, unapata duara ndani ya duara. Hiyo miale ipake kwa mkono iwe na upana sawasawa, tuone.

KingoLaini: Rula ya Krita inanitosha. Na miale isiyolingana ina uhai zaidi.

NuktaNundu: Uhai mwambie mteja anayetaka nembo.

FundiRangi: Nimejaribu hiyo miale sasa hivi, imekubali! Lakini mmoja umetoka mnene kuliko mingine.

MamaPikseli: Kwa sababu picha yako imeanza na mstari mweusi kushoto na kuishia na mweusi kulia. Pande hizo mbili ndizo zinazokutana. Malizia na mweupe, na yote iwe na upana mmoja.

Mchoraji77: Umejaribu kwenye programu gani?

FundiRangi: Photopea, ndani ya kivinjari. Nayo iingie kwenye ulinganisho?

NuktaNundu: Haya, sasa ni tano.