Nikiuza dhahabu ni mfanyabiashara, nikitaja gharama ni mcheza bahati nasibu?

Wakuu, nimetoka ofisi ya kodi sasa hivi na hasira imenikaba. Nisaidieni kabla sijarudi kule na maneno mabaya.

Mimi nasaka dhahabu huku Ikolomani, Kakamega, Kenya. Kibali cha mchimbaji mdogo ninacho, mashine ya kupima madini ninayo, pampu, karai, vijana wa kuosha mchanga. (Wale wa kutafuta rupia za mkoloni usiku, simo.) Nimejaza ritani na mauzo yote ya broka nimeyaandika. Hapo ofisa hakuwa na neno: hiyo biashara, lipa. Tukafika kwenye gharama, dizeli, vibarua, kusagisha mawe, kukodi shamba la watu. Akavua miwani. "Mzee, hii ni kubahatisha tu. Unatafuta hazina kwa kujifurahisha. Hizo gharama ni zako binafsi."

Kujifurahisha! Ndani ya shimo, maji kiunoni!

Angesema sina ankara ya eTIMS (ule mfumo wa kielektroniki wa mamlaka ya kodi) ningenyamaza, maana tangu Januari 2024 gharama nyingi bila hiyo hazikubaliki. Lakini za dizeli ninazo, nilizitandaza mezani, hata hakuzigusa. Sheria ya Kodi ya Mapato, Sura 470, kifungu cha 2, inaingiza kwenye biashara hata shughuli yenye sura ya biashara. Kifungu cha 15 kinaruhusu kutoa gharama zilizotumika kutafuta hayo mapato pekee. Wapi imeandikwa kwamba shimo likikosa dhahabu, jembe linageuka mchezo?

Na asije mtu na yale ya Marekani nusunusu. Najua kuna mume na mke waliokuta dola 4,467 mwaka 1964 ndani ya piano kuukuu waliyoinunua kwa dola 15, na mahakama mwaka 1969 ikasema ni mapato, walipe. Sawa, ila wale walikuwa wanasafisha piano. Kwa anayesaka kila siku, kule wanaangalia anavyofanya kazi: anaweka hesabu, ana ujuzi? Akipata faida miaka 3 kati ya 5 mfululizo anahesabiwa ni biashara, mpaka wenye kodi waonyeshe vinginevyo.

Kulipa sikatai. Ninachokataa ni kutozwa kodi ya mauzo mazima kana kwamba dhahabu ilijichimba.

Aliyepitia haya Migori au Vihiga aseme: pingamizi uliliandikaje, na gharama zipi zilipita?