Mabati ya Likoni: kutu ya kupaka rangi au ya kubadilisha?

mwanalikoni: Wakuu, mabati geji 30 (kipimo cha unene) yameshika kutu kwenye misumari na chini ya ukingo wa paa. Mvua ya masika ikija na upepo wa kusi, maji yanapenya. Nipake rangi au ning'oe?

fundi_paa: Chukua bisibisi, ukwaruze kisha ubonyeze. Ikiingia, bati limekwisha, rangi haitaliokoa. Likiwa gumu, sugua kwa brashi ya waya, osha chumvi ya bahari kwa maji yasiyo na chumvi, likauke kabisa, ndipo upake rangi ya kuzuia kutu na mikono miwili ya rangi ya mabati. Usipoosha, chumvi itavuta unyevu chini ya rangi na itabanduka yote. Ukingoni huoza mapema kwa sababu mvua haifiki kusuuza chumvi.

mama_nyali: Angalia misumari kwanza, kaka. Mpira wake hukauka kwa jua, ukapasuka, na hapo ndipo maji hupita. Ng'oa, tia skrubu nene kidogo kuliko msumari, yenye washa (pete) mpya ya mpira. Usikaze mpaka mpira ubinuke.

fundi_paa: Kweli kabisa. Na papi (mbao inayoshika bati) ikiwa laini, skrubu haitashika, ibadilishe kwanza. Bati jipya chukua geji 28, ni nene zaidi; lipandane sentimita 20 kwa urefu. Kazi hii imalizwe kabla ya Aprili, tafadhali.

mwanalikoni: Ahsanteni sana. Bisibisi imeingia mabati mawili, hayo nayang'oa.