Hati ya shamba ilifutwa kwa ajili yetu, vigingi vya bondeni ni vya watu tusiowajua

Wakuu, kamwene. Naandika nikiwa na hasira na sitaificha. Natoka kijiji kimoja huku Nyanda za Juu Kusini, upande wa Iringa na Njombe. Jina la kijiji, la wilaya na la shamba siyataji kwa sababu wazazi wangu na wadogo zangu wanaishi pale pale.

Shamba lenyewe lilikuwa la mlowezi tangu enzi za Mwingereza. Likaja kuwa la shirika la umma, kisha ubinafsishaji ulipoingia likauzwa kwa mwekezaji. Huyo alilima misimu michache, akang'oa mabati ya stoo, akaondoka. Likageuka pori. Nguruwe walikuwa wanatoka humo usiku kuja kumaliza mahindi yetu, na mama akiingia kuokota kuni walinzi wanamnyang'anya panga na kamba. Kila mwaka mama yangu alikodi ekari moja kijiji cha pili, anatembea saa nzima na jembe begani, na njia yote anapita kando ya ardhi iliyolala bure.

Kwa hiyo siku tuliposikia Rais amefuta hati, watu walilia. Nawaambia ukweli, wazee walilia. Kiongozi wa wilaya akaja kusimama uwanja wa shule, akatutangazia kwamba ardhi ile ni ya wakulima wadogo wa vijiji vinavyoizunguka. Tukaandikisha majina. Kila kaya ikatoa elfu kumi ya fomu. Risiti hakupewa mtu.

Orodha imebandikwa mwezi uliopita kwenye mlango wa ofisi ya kijiji. Nilikuwa nyumbani kwa ajili ya msiba, nikaenda kuisoma mwenyewe, jina kwa jina, nikarudia. Watu wa kwetu wamo, ndiyo, wachache, ekari moja moja. Wamewekwa kule juu mtelemkoni kwenye mawe, mahali ambapo hata mlowezi mwenyewe hakuwahi kulima, alikuwa analishia ng'ombe. Bondeni, kwenye vinyungu, kuna majina ya ekari kumi, ekari ishirini, ambayo hakuna mzee wa kitongoji anayeyajua. Balozi wa nyumba kumi hayajui. Nimeuliza hadi mganga wa zahanati ambaye anamjua kila mtoto aliyezaliwa hapa. Hayajui.

Ambaye hajaishi huku labda haelewi kinyungu ni nini. Ni udongo mweusi wa bondeni unaoshika unyevu mvua zikishaisha. Kiangazi, wakati mlimani kote kumekauka, sisi tunachimba matuta na vijifereji bondeni, tunapanda mahindi mabichi, maharage, viazi, mboga. Ndiyo hela ya daftari mwezi wa kwanza. Ndiyo chakula cha miezi ile ghala likiwa tupu na mahindi ya masika bado mabichi. Ukimpa mtu wa huku ekari tano mlimani ukamnyima robo ekari ya kinyungu, umempa njaa ya nusu mwaka. Aliyepanga orodha ile alijua. Asingejua, asingekata bonde lote kwa usahihi namna ile.

Na hao wenye vinyungu hawalimi chakula! Wiki mbili baada ya vigingi kusimikwa, lori likaja na miche ya milingoti, yaani mikaratusi. Milingoti, wakuu, bondeni, hatua chache kutoka kwenye chemchemi tunayochota maji. Kila mtoto wa Mufindi na Njombe anajua mti ule unavyokunywa maji. Mimi sina ugomvi na miti, baba yangu amesomesha watoto kwa mbao za misindano. Lakini miti ni ya mlimani. Hati ilifutwa kwa sababu mwenye shamba aliliacha pori. Sasa mtu anapewa shamba lile lile, anafukia miche, anarudi mjini kusubiri miaka kumi. Mkulima mdogo yuko wapi hapo?

Nilimfuata mtendaji wa kijiji. Nikamwambia, "Kaka, haya majina yamepitishwa na mkutano gani?" Akanijibu, "Mdogo wangu, hayo yametoka juu, mimi nimeletewa nibandike tu." Nikamwomba muhtasari wa mkutano mkuu wa kijiji. Hana. Mkutano haukuitishwa.

Hapa naomba tuelewane vizuri, maana ndipo tunapoibiwa. Hati ya shamba kubwa ikifutwa, ardhi hairudi kijijini yenyewe. Inakuwa ardhi ya jumla, inasimamiwa na Kamishna wa Ardhi. Ili iwe ya kijiji lazima ihamishwe rasmi, na Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5 ya mwaka 1999, imeweka utaratibu wa kuihamisha. Ikishakuwa ardhi ya kijiji, halmashauri ya kijiji haiwezi kumgawia mtu hata pembe moja bila mkutano mkuu kuridhia kwanza. Hapo ndipo jina la mgeni lingesomwa mbele ya watu wazima wote, mtu akanyanyuka kuuliza, "Huyu ni mtoto wa nani?" Sisi hatua hiyo imerukwa. Shangwe tulipewa mapema, kisha wakati tunashangilia ardhi ikagawiwa ikiwa bado haijafika mikononi mwetu. Tukilalamika tunaambiwa si ardhi ya kijiji, hamna mamlaka nayo. Sasa ile hotuba ya uwanja wa shule ilikuwa ya nini?

Kuna jambo limeniuma kuliko yote. Jirani yetu, mama mjane mwenye watoto wanne, alikwenda kujiandikisha. Wakamwambia wanaandika wakuu wa kaya, aje na shemeji yake. Shemeji akaandikwa, shemeji akapewa ile ekari ya mawe, shemeji ameshaiuza. Sheria ile ile inasema mwanamke ana haki ya kupata na kumiliki ardhi sawasawa na mwanaume. Ni sheria ya 1999! Aliyeshika kalamu siku ile ni msomi, ameajiriwa kwa kodi zetu, na amemrudisha mama yule nyumbani mikono mitupu.

Tusijifanye haya ni mapya. Kule Kapunga, Mbarali, shamba la mpunga la serikali lilipouzwa mwaka 2006, hekta 7,370 kwenye makaratasi, ndani yake zilikuwemo hekta 1,870 za wanakijiji. Wakahangaika miaka na miaka hadi serikali ikakubali kwamba hekta zile ni za kijiji. Na Ismani hapo Iringa, tarehe 25 Desemba 1971, mkuu wa mkoa Dk. Wilbert Klerruu aliuawa kwa risasi na mkulima Said Mwamwindi, kipindi ambacho mashamba makubwa ya mahindi yalikuwa yanachukuliwa kuwa ya ujamaa. Simtishi mtu, na Mungu aepushe. Nawakumbusha viongozi wetu kwamba mkoa huu unajua ardhi ikigawiwa kwa ubabe inaishia wapi.

Nimeshaanza kusikia wale wa kusema wakulima wadogo hawawezi, bora angebaki mwekezaji. Mahindi yanayojaza maghala ya hifadhi ya chakula ya taifa pale Makambako yanalimwa na nani? Chai ya Rungwe wakulima wadogo wanaichuma tangu miaka ya 1960. Tunaweza. Tupeni ardhi ya kulimika, mtuone.

Tunachotaka kinajulikana. Orodha ile isimamishwe, ardhi ihamishiwe vijijini kwanza, majina yasomwe mkutanoni, vinyungu vigawiwe kwa kaya zote hata kwa robo ekari, na milingoti ing'olewe bondeni kabla haijashika mizizi. Wajane waandikwe kwa majina yao wenyewe.

Mwenye uzoefu wa kufungua pingamizi la aina hii anisaidie: barua tunaanza nayo kwa Kamishna wa Ardhi Msaidizi mkoani, au inakwenda moja kwa moja wizarani? Tumekusanya sahihi za kaya mia moja na kumi, zipo kwenye daftari la shule, nyingine ni dole gumba. Mvua zimeanza juzi. Mama amenipigia asubuhi anauliza aende tena kukodi kijiji cha pili au asubiri, na sijajua nimjibu nini.