Filamu ya darasa: picha nzuri, sauti haisikiki, zimebaki siku tisa

binti_wa_tanga · Jumatano, saa 3:10 usiku

Shikamooni wakubwa, na habari zenu wenzangu.

Niko kidato cha tatu, Tanga mjini. Mwalimu wetu wa Kiswahili ametugawa makundi ya watu sita sita, kila kundi litengeneze filamu fupi isiyozidi dakika saba, hadithi tutunge wenyewe. Zitaonyeshwa darasani Ijumaa ya wiki ijayo kwa projekta ya shule. Kundi letu limenichagua mimi niongoze, na hadithi ni yangu.

Msichana anatumwa dukani akakope unga kilo mbili. Dukani kuna daftari la madeni, lile la jalada gumu, penseli imefungwa kwa uzi isipotee. Kila akienda, Mangi mwenye duka anafungua ukurasa wao, anaandika, hasemi neno. Siku moja ukurasa umejaa. Mangi anamgeuzia daftari, anamwambia asome mwenyewe jumla yao, kwa sauti, watu wakiwa wamejaa pale kwenye kaunta. Basi, filamu ni hiyo. Mimi nimeshatumwa hivyo nikiwa darasa la nne, na mpaka leo nakumbuka nilivyokuwa nawapisha watu wenye hela wanunue kwanza ili dukani nibaki peke yangu.

Tumeshuti Jumamosi mbili kwa simu ya kaka yangu. Picha zimetoka vizuri kuliko nilivyotegemea. Ila sauti! Kuna friji ya soda inavuma, bodaboda zinapita, feni ya Mangi inazunguka. Pale msichana anaposoma “elfu kumi na nne na mia tano”, neno ambalo ndilo filamu yenyewe, unasikia friji tu. Halafu adhana ya adhuhuri iliingia katikati, kwa hiyo klipu moja ina adhana na inayofuata haina, ukiziunganisha inakuwa kama watu wameruka kutoka saa moja kwenda nyingine.

La pili limeniumiza zaidi. Mwenzetu anayeigiza yule msichana hakuwa amemwambia baba yake. Mzee amejua juzi, amekataa, hataki sura ya binti yake ionekane kwenye video yoyote, na ameagiza nifute. Simlaumu. Nilipaswa kwenda kuomba kabla hatujawasha simu.

La tatu, wenzetu wawili wanataka tuongeze ugomvi na wimbo wa Bongo Fleva, wanasema bila hivyo darasa litalala.

Tuna simu moja nzuri, simu ndogo mbili, laptop ya mjomba inayokwenda taratibu, na 18,000 tulizochangishana. Je, tununue maiki? Tuanze upya au kuna cha kuokoa?

---

fundi_maiki · Jumatano, saa 4:25 usiku

Marahaba binti. Mimi nafanya kazi ya sauti Dar, harusi na muvi za mtaani, miaka kumi na moja sasa. Hilo la friji nalijua kwa jina.

Usinunue maiki. Maiki iliyomo kwenye simu si mbaya, ubaya ni umbali. Simu yako inayopiga picha ilikuwa mita mbili au tatu kutoka kwa muigizaji, si ndiyo? Ukiongeza umbali maradufu, sauti ya mtu inashuka karibu nusu, lakini friji haijasogea, inavuma vilevile. Ndiyo maana inashinda. Sasa chukua ile simu ndogo, iweke kwenye hali ya ndege, washa programu ya kurekodi sauti, iweke juu ya kaunta nyuma ya kopo la mafuta ya kupikia, sentimita thelathini au arobaini kutoka mdomoni. Hiyo ndiyo maiki yako. Ukiwa nje kwenye upepo, ifunge kwa kipande cha kanga mikunjo miwili, usikaze. Ukiiweka mfuko wa shati utasikia nguo inakwaruza tu, kwa hiyo acha.

Kabla ya kila teki, yaani kila mnaporudia kurekodi sini, mtu mmoja asimame mbele ya kamera aseme “sini ya tatu, teki ya pili”, apige kofi moja kwa nguvu. Usilidharau kofi hilo. Ukija kwenye laptop utaona kwenye mstari wa sauti mlima mwembamba umesimama wima, na kwenye picha utaona viganja vimekutana. Unavilinganisha hivyo viwili, sauti na midomo vinaenda pamoja. Bila kofi utakaa mpaka alfajiri.

Friji: mwombe Mangi aizime dakika ishirini. Akikubali, weka ufunguo wa nyumba yenu ndani ya friji hiyo. Huwezi kwenda kulala bila ufunguo, kwa hiyo huwezi kusahau kuiwasha. Wala usicheke, mafundi sauti wengi tunafanya hivyo. Soda za mtu zikipata moto hutaruhusiwa tena hapo. Feni nayo zima. Adhana usishindane nayo, angalia saa, pumzikeni, mle.

Na kitu kimoja ambacho wanafunzi wote husahau. Mkimaliza kila eneo, wote mnyamaze mahali mlipo, mrekodi ukimya wa pale kwa dakika nzima. Ukimya wa duka si ukimya wa sebuleni. Duka lina mabati yanayotanuka kwa jua, lina kuku kwa mbali. Ile dakika utaitandika chini ya sini yote wakati wa kuhariri, na zile klipu zitashikana, hutasikia mahali ulipokata.

Ile 18,000 nunueni chakula na muweke akiba ya nauli. Watu wenye njaa hugombana lokesheni, nimeona mara nyingi.

---

mwalimu_kilifi · Alhamisi, saa 12:40 asubuhi

Salamu kutoka Kilifi, mwanangu. Mimi ni mwalimu, na hupeleka wanafunzi wangu kwenye tamasha letu la kitaifa la drama na filamu hapa Kenya, ambako shule hushindana hadi kwa filamu. La sauti umeshajibiwa na fundi, na sina la kuongeza. Nitasema kuhusu huyo mzee.

Usimwandikie ujumbe. Wala usimtume binti yake akuombee. Nenda na mama yako, au mwalimu wenu kama atakubali, nenda jioni akiwa ametulia, na ubebe skripti iliyoandikwa kwa mkono unaosomeka. Mpe aisome yote. Mzazi anapokataa bila kuona, anakataa kile anachokiogopa, na ana haki ya kuogopa, kwa maana video ikishaingia kwenye makundi ya WhatsApp hairudi. Mweleze ni nani ataiona na itahifadhiwa wapi. Akikataa bado, futa mbele yake, kwenye simu na kwenye laptop, umshukuru. Hilo usilionee uzito. Msichana yule ataendelea kuishi nyumba ile baada ya filamu yenu kwisha.

Sasa kuhusu kundi. Unaongoza, unaandika, na naona hata simu unaishika wewe. Watu sita hawawezi kukaa wakikutazama, lazima watatafuta ugomvi wa kuongeza. Mmoja ashike picha tu. Mmoja sauti tu, na asivue hedifoni. Mmoja awe na daftari la kumbukumbu: teki ipi nzuri, kikapu kilikuwa mkono gani, ukurasa gani wa lile daftari ulikuwa wazi. Hao wawili wanaotaka ugomvi, wape umati wa kwenye kaunta wauongoze wao. Waulize, watu wakisikia deni la mwenzao hufanyaje? Wengine hutazama chini, mwingine hujifanya anachagua kiberiti. Ugomvi wanaoutaka umo humo, na wataupata wenyewe.

---

moro_kidato5 · Alhamisi, saa 7:05 mchana

Dada, sisi mwaka jana tulikuwa na dakika kumi na mbili, mwalimu akasimamisha kwenye ya saba. Mwisho wetu haukuonekana. Ukurasa mmoja wa skripti ni kama dakika moja, hesabu kurasa zako leo.

---

edita_wa_shangani · Alhamisi, saa 2:50 usiku

Mdogo wangu, hapa Unguja kila mwaka huenda Ngome Kongwe wakati wa ZIFF, lile tamasha la filamu la Zanzibar, nakaa kwenye ngazi za mawe natazama filamu za kila namna. Nimeona filamu zenye picha ya giza, watu wamekaa kimya wameshika mashavu. Mazungumzo yakiwa hayasikiki, watu huanza kuzungumza wao kwa wao. Kwa hiyo fundi kakwambia kweli, anza na sauti.

Yangu ni ya kwenye laptop. Klipu msitumiane kwa WhatsApp kama video, inazibana mpaka nyuso zinakuwa uji. Tumia waya au flashi, au kama hakuna njia, zitume kama faili. Kwenye ukubwa wa picha, shuti 1080, achana na 4K. Kwenye simu nyingi dakika moja ya 1080 inakula karibu megabaiti 130, na 4K inakula karibu mara tatu, laptop ya mjomba wako haitaiweza. Programu ya kuhariri ya Kdenlive ni ya bure na haina makuu.

Kama dukani kuna taa ya tyubu na kwenye picha unaona mistari inapanda, ni umeme wetu wa hezi 50 unagombana na kamera. Ingia kwenye hali ya Pro ya kamera, weka shata (kasi ya kamera kunasa kila picha) 1/50 au 1/100, itatulia. Jua la saa sita acha, linachimba mashimo meusi kwenye macho ya watu. Kuanzia saa kumi jioni ndiyo wakati.

Wimbo wa mtu usiweke. Kuna Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999, na msanii naye anakula kwa kazi yake. Mkitaka kuipeleka nje ya darasa siku moja, huko nako kuna Bodi ya Filamu na taratibu zake, mwalimu aulize kwanza.

Kisha, siku moja kabla, nenda ukaijaribu kwenye ile projekta yenyewe na spika zile zile. Spika ya laptop kwenye darasa la watu sitini ni sawa na kunong'ona.

---

binti_wa_tanga · Jumapili, saa 2:30 usiku

Asanteni sana, nawashukuru mmoja mmoja. Mwalimu wa Kilifi, nilikwenda Ijumaa jioni na mama. Mzee alisoma skripti yote amesimama mlangoni, kurasa sita, hakutukaribisha mpaka alipomaliza. Halafu akasema ingieni. Akaniuliza hilo daftari nililijulia wapi. Nikamwambia. Akakaa kimya kidogo, akasema: sauti yake sawa, sura hapana. Nikafuta klipu zote za sura mbele yake, na mwenzangu naye akiwepo.

Kwa hiyo tumeshuti upya jana na leo, na sura ya msichana haipo popote. Tunaona mgongo, kikapu, miguu yenye ndala imesimama nyuma ya miguu ya watu wengine. Sini ya daftari tumeishuti kwa karibu kabisa: kidole chake kinashuka kwenye mistari ya penseli, unga, sukari robo, mafuta, unga, sabuni, unga. Kwenye baadhi ya mistari Mangi wetu alishafuta akaandika upya, karatasi imekuwa nyembamba mpaka mwanga unapita. Kidole kinafika chini, kinasimama. Sauti yake inasoma jumla. Kamera inabaki kwenye kidole. Naamini ni nzuri kuliko ile ya kwanza, nasema kwa moyo wangu wote.

Ufunguo niliuweka kwenye friji. Mangi alipoona akauliza, nikamweleza, yeye mwenyewe akazima na feni. Wakati wa kurekodi ukimya aliwazuia wateja wawili nje kwa kidole mdomoni, dakika nzima.

Wale wawili wameongoza umati. Mmoja wao ndiye anayechagua kiberiti, anafungua kisanduku na kukifunga, anafungua na kukifunga. Hamna wimbo tena, wenyewe wamesema kile kisanduku kinatosha.

Limebaki moja, fundi. Ile sini ndefu ya dakika nne, mwanzo sauti na mdomo wa Mangi viko sawa kabisa kwa kofi, lakini kufikia mwisho sauti inachelewa kidogo. Nimekosea wapi?

---

fundi_maiki · Jumapili, saa 3:15 usiku

Hujakosea kitu. Simu mbili hazihesabu muda sawasawa, kwenye teki ndefu zinaachana. Kata sauti pale Mangi anaponyamaza, sehemu tatu au nne hivi, kila kipande ukisogeze mpaka kikae kwenye midomo. Mapengo utakayoyaacha, tandika ile dakika yenu ya ukimya chini yake. Usiguse sehemu ya kidole, pale hakuna mdomo wa kuonekana, iache ilivyo.

Ukimaliza sikiliza kwa hedifoni, halafu sikiliza tena kwa spika ya simu ndogo. Na Alhamisi nenda kwenye hiyo projekta.