Naomba ushauri: jina la O'Higgins nilipangeje?

Wakuu, heshima kwenu. Naandaa ukurasa wa jarida la shule kuhusu majina ya ukoo yaliyosafiri mbali, nikachagua O'Higgins la Ireland. Sasa limenielemea.

Ambrosio alizaliwa Sligo, akaishia kuwa mwakilishi wa mfalme wa Hispania huko Peru (1796–1801). Mwanawe Bernardo akaiongoza Chile kuanzia 1817 hadi 1823. Baada ya hapo jina likasambaa kila kona: mkoa mzima, makao makuu yake Rancagua, klabu ya mpira ya mji huohuo, iliyotwaa ubingwa wa Chile 2013, barabara kuu ya Santiago, ingawa wenyeji huiita Alameda tu, kituo cha Antaktika cha mwaka 1948. Linalonichanganya zaidi ni ziwa. Kina chake kinafika mita 836, liko mpakani, na upande wa Argentina linaitwa San Martín.

Nianze na watu halafu sehemu, au vyote kwa alfabeti? Na ziwa niliweke kwa jina lipi? Wasomaji ni kidato cha pili, nafasi ni ukurasa mmoja. Mliowahi kuhariri, nisaidieni kabla ya Ijumaa ikiwezekana.